Viazi Sita Vilivyopotea Yakobi

Mwalimu Neema, aliyepokea darasa langu la awali pale Makambako, amenipigia simu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza aliuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Mara ya pili aliuliza kwa nini kabati halifunguki hata kwa ufunguo. Mara ya tatu akasema, "Mwalimu Mgaya, basi andika. Andika ulivyokuwa unafanya, tusome na sisi wengine." Kwa hiyo naandika. Kabati, Neema, unalipiga teke chini kushoto, halafu unavuta. Mengine ni haya.

Habari za madaraja na vyeo nazipita. Faili langu lipo ofisini, anayetaka akalisome, ni jembamba na halitamchosha. Nitaeleza habari za nyimbo za watoto, zile za kuruka na kupiga makofi, kwa sababu ndizo zilizonilea kazini, na mojawapo nusura inifukuzishe kazi.

Mimi nilisomea kufundisha hisabati madarasa ya juu. Nilifika shule ya kijiji cha Yakobi, Njombe, mwezi wa saba, nikiwa na rula ya mbao ya mita moja na bikari ya ubaoni, nimejiandaa kwa sehemu na asilimia. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mfupi aliyevaa makoti mawili kwa pamoja, alinipokea vizuri, akaniangalia juu mpaka chini, safari ambayo ilimchukua muda.

"Mwalimu, wa hisabati tunaye," akasema. "Awali hatuna."

"Awali ya nini?"

"Awali ya watoto."

Ni lazima niseme kwamba mimi ni mrefu, na sauti yangu ni nzito. Kanisani naimba besi, na hata wenzangu wa besi huniomba nisogee kidogo. Niliinama mlangoni, nikaingia. Watoto arobaini na wawili walikuwa wamekaa kwenye majamvi, wamejikunyata ndani ya masweta, pua zinachuruzika, na ukungu umeingia darasani kama mwanafunzi wa arobaini na tatu. Wakasimama wote. "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba," nikaitikia.

Watatu walianza kulia papo hapo. Mmoja alijikojolea. Msichana mdogo mwenye sweta la kijani alinipita katikati ya miguu, akatoka mbio mpaka jikoni, akajificha nyuma ya sufuria la uji. Dakika chache baadaye mpishi wa shule akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe mwalimu, umewafanya nini watoto?"

"Shikamoo mama. Nimewaitikia tu marahaba."

"Basi kesho usiitikie," akasema.

Huyo alikuwa Mama Enesia, na ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa na watu wenye shahada, nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba watoto wa miaka mitano hawaanzwi kwa kuongea. Yeye aliniambia siku ileile, watoto wengine walipokwenda nyumbani.

"Waanze kwa kuimba. Ukishaimba nao, hata ukikohoa watakuelewa."

"Mama, nyimbo ninazozijua ni za kanisani, na sehemu yangu ni besi peke yake."

"Basi kaa hapo. Shika mwiko, koroga uji wa madarasa ya juu. Sikiliza."

Akaniimbia. Alisema bibi yake alikuwa akiuimba kwa Kibena wakati wa kupanda viazi, na yeye ameugeuza Kiswahili kwa ajili ya watoto wa shule, maana wengi wao Kiswahili walikuwa wanakikuta mlangoni pale pale darasani. Wimbo wenyewe ulikuwa huu:

Kiazi kimoja kimejificha,
viazi viwili vimechungulia,
viazi vitatu vimevaa sweta,
viazi vinne vimekimbia,
viazi vitano vina matope,
viazi sita vimeogelea,
viazi saba vinaota moto,
viazi vinane vimesinzia,
viazi tisa vimeshiba uji,
viazi kumi, chungu kimelia: pu!

"Sasa angalia," akasema. "Ukisema kimejificha, wanachuchumaa. Vimechungulia, wanainua kichwa. Vimekimbia, wanakimbia hapo hapo walipo, usiwaache wakatoka nje, mimi siwezi kuwakamata. Mtoto hashiki namba kwa masikio peke yake. Anaishika kwa magoti, anaishika kwa matako."

Nilikuwa sina daftari, nikaandika mistari ile kwenye kiganja cha kushoto. Kiganja kikajaa nikiwa kwenye viazi vitano, nikapanda kwenye vidole. Mstari wa sita uliangukia kidole gumba. Mama Enesia akaniambia nionje uji kama umeiva, kijiko hakikuonekana, nikachovya gumba, nikalilamba. Uji ulikuwa umeiva. Yule msichana wa sweta la kijani alikuwa bado yuko nyuma ya sufuria, ananitazama. Kesho yake asubuhi Mama Enesia akapata ujumbe kwamba dada yake amefanyiwa upasuaji hospitali ya Ilembula, akaenda kumuuguza, akakaa huko mpaka mwezi wa kumi.

Nikafundisha wimbo kama ulivyosomeka mkononi. Nilihisi unachechemea kidogo pale katikati, lakini nikadhani ndivyo nyimbo za kienyeji zilivyo. Na nawaambia ukweli, ulifanya kazi. Wiki ya pili hakuna aliyelia. Watoto waliokuwa hawajui Kiswahili walikuwa wanatamka "vimechungulia" vizuri kuliko mtangazaji wa redio. Asubuhi ya baridi kali, wengine wakiwa wanatetemeka mpaka kalamu zinacheza zenyewe, tuliruka viazi mara tatu na madirisha yakatoka jasho. Nikawa naimba kwa kila kitu: kupanga mistari, kugawa vijiti vya kuhesabia, kuhesabu vikombe vya uji. Kila siku nilivihesabu vikatimia, nikigawa vinapungua. Nilimtazama mlinzi kwa jicho baya mwezi mzima. Namwomba radhi hapa, kwa maandishi.

Aliyekuwa haimbi ni mmoja tu, yule wa sweta la kijani. Jina lake Eda. Mama yake alikuwa amehama naye kutoka upande wa Bulongwa, wilaya ya Makete, kuja kuchuma chai, na nyumbani walizungumza Kikinga. Asubuhi Eda alikuwa anapitia jikoni kwanza, kwa sababu pale ndipo alipozoea. Siku zile chache kabla sijafika, alisemeshwa na Mama Enesia kwa Kikinga, maana mama huyo aliwahi kupika hospitali kule Bulongwa. Darasani alikaa karibu na mlango, midomo imefungwa kama bahasha. Nilijaribu pipi, akala, kimya. Nilijaribu mpira. Nilimtengenezea mwanasesere wa soksi, nikamsemesha kwa sauti nyembamba ambayo iliniuma koo siku mbili. Aliichukua ile soksi, akapengea kamasi, akanirudishia.

Mama yake alipokuja nikamweleza. Akashangaa. "Huyu? Mwalimu, nyumbani anaongea mpaka namwambia anyamaze."

Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa na watoto wengi wa kufikiria, na aliniambia waziwazi: "Kama tukifunga shule hajasema neno, namwambia mama yake amkalishe nyumbani mwaka mwingine." Mama wa Eda alikuwa anatoka alfajiri kwenda shambani kwenye chai. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki na mtoto. Alisema itabidi amrudishe kwa bibi, Makete, na aliposema hivyo aligeuka kuangalia upande mwingine. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mtu anaweza kucheka habari ya viazi, lakini ile haikuwa ya kuchekesha.

Sasa nieleze habari ya mbuzi.

Palikuwa na babu mmoja karibu na shule, Mzee Mtewele, macho yake yalikuwa na ukungu, na alikuwa na mbuzi sita. Mjukuu wake Baraka alikuwa darasani kwangu. Jioni moja babu akamwambia, "Hebu tuone hiyo shule. Nihesabie mbuzi." Baraka akahesabu kwa wimbo, akimgusa kila mbuzi. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba. Babu, wako saba!" Mzee Mtewele ni mtu mwaminifu kupita kiasi. Akajua mbuzi wa jirani ameingia kwake. Akamfunga mmoja kamba, akampeleka kwa Mzee Ngole.

Mzee Ngole alikuwa fundi ujenzi aliyepumzika kazi. Mbuzi watano alikuwa amewanunua mwezi ule ule, hajawazoea hata sura. Naye mjukuu wake Upendo alikuwa darasani kwangu. Akamwita ahesabu. Walikuwa sita sasa, Upendo akasema saba. "Mtewele ameniletea wawili kimakosa," akasema Mzee Ngole, na kesho yake akarudisha wawili. Kwa Mzee Mtewele wakawa saba, Baraka akahesabu nane. Wawili wakarudi. Kwa siku tano mbuzi wale walikwenda na kurudi mpaka wakakonda, na wazee wawili walioheshimiana miaka mingi wakaanza kusalimiana kwa kukunja uso, kila mmoja akiamini mwenzake amezeeka vibaya. Hakuna aliyethubutu kuhesabu mwenyewe. Mtoto anasoma, wewe utambishia kwa elimu ipi?

Siku ya sita wakaja shuleni wote wawili, na mbuzi wawili.

Mwalimu Mkuu akaniita uwanjani. Darasa langu likatoka lote bila kuitwa.

"Mwalimu," akasema Mzee Mtewele, "tumekuja kuuliza hawa mbuzi ni wa nani."

"Na watoto wetu unawafundisha nini," akaongeza Mzee Ngole.

Mwalimu Mkuu akawapanga watoto kumi mbele. "Haya, jihesabuni." Wakajihesabu kwa furaha, kwa sauti, huku wanachuchumaa na kuchungulia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba, nane, tisa, kumi. Pu! Mtoto wa mwisho akabaki amesimama bila namba, anatuangalia.

"Rudieni."

Wakarudia. Tano, saba.

"Sita iko wapi?" akauliza Mwalimu Mkuu.

Watoto wakaangaliana kana kwamba ameulizia mtu aliyehama. Mwalimu Mkuu akanigeukia mimi, mwalimu wa hisabati, mwenye bikari ya ubaoni. Nilikuwa natokwa jasho Njombe, mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi. Kusema kweli na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nasikia.

Hapo nikahisi mtu anavuta koti langu. Eda. Akanishika mkono wa kushoto, akaukunjua, akanyanyua kidole gumba, akamwonyesha Mwalimu Mkuu.

"Sita imo kwenye uji," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, kubwa kuliko nilivyodhani.

"Unasemaje?" Mwalimu Mkuu akainama.

"Mwalimu kachovya kidole kwenye uji. Sita ikatoka. Akailamba." Kisha, kwa sababu watu wazima tulikuwa tumebaki na midomo wazi, akaona bora atuelekeze. Akachuchumaa, akaanza kiazi kimoja, akaenda na wimbo wote, hakuruka hata mstari. Alipofika viazi sita vimeogelea, alijitupa kwenye majani yenye umande, akapiga mikono na miguu. Alikuwa ameushika wimbo mzima kule nyuma ya sufuria, kwa Mama Enesia mwenyewe, na muda wote ule alikuwa anatusikiliza tukiukosea bila kusema chochote. Nafikiri kilichomtoa sauti ni kero.

Mzee Mtewele alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Ngole akamshika bega, naye akacheka, na wale mbuzi wakaanza kula bustani ya shule. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alimtazama Eda, akanitazama mimi, akasema, "Huyu mwakani yuko darasa la kwanza. Wewe sina uhakika."

Mlidhani yameishia hapo? Nami nilidhani hivyo. Kesho yake niliandika sita ubaoni, kubwa, kwa chaki nyekundu. Nikaeleza. Wakaelewa. Nikauliza, baada ya tano? "Sita!" Vizuri sana. Haya, hesabuni. "Tano, saba!" Nikabandika sita ukutani, mlangoni, mgongoni kwangu. Wiki nzima. Kikishaingia kwa wimbo, maelezo hayakitoi. Hilo lishikeni, walimu wenzangu: wimbo una nguvu hata ukiwa na makosa, kwa hiyo ukaguliwe kabla haujaimbwa. Mimi mpaka nastaafu nilikuwa nahesabu mistari kwa vijiti, mbele ya mke wangu, kabla sijaupeleka darasani.

Mama Enesia aliporudi kutoka Ilembula, dada yake akiwa mzima, nikamweleza. Alicheka huku anafuta macho kwa kanga, akasema, "Kilichopotezwa na wimbo kitafutwe na wimbo." Akawapanga watoto mistari miwili inayotazamana, huku wanapiga makofi:

Sita, Sita, ulikwenda wapi?
Nilikwenda Makambako!
Kufanya nini?
Kusukwa nywele!
Nani kakusuka?
Tano na Saba!
Kaa hapo katikati: tulia!

Na mtoto mmoja anasimama katikati ya wawili, anasukwa nywele za hewani. Siku mbili tu zikatosha. Eda alitaka awe Sita kila zamu, na alipokataliwa alilalamika kwa Kiswahili kirefu, chenye sababu tatu. Mama yake akaja kuuliza kama naweza kumfundisha wimbo wa kunyamaza. Nikamwambia huo bado haujatungwa.

Nilikaa Yakobi miaka mingi, halafu nikahamishiwa Makambako. Kule ni njia panda, malori yanapiga honi siku nzima, na darasani unakuta mtoto wa dereva, mtoto wa muuza nyanya, mtoto aliyeshuka na treni jana na hajui atabaki mpaka lini. Kila mmoja amekuja na wimbo wa bibi yake. Niliwaomba wazazi waje Ijumaa kutuimbia. Mama mmoja alikuja, akaona aibu, akaimba akiwa amegeukia ukuta, watoto wakajifunza wimbo pamoja na kugeukia ukuta, na mpaka leo unaimbwa hivyo. Honi nazo tuliziingiza. Lori likipiga, tunaongeza "pu" moja. Hasara yake ni kwamba siku za msongamano wimbo mmoja ulichukua kipindi kizima.

Mambo madogo madogo, niyaseme kabla sijasahau. Ngoma nzuri ni kopo la rangi la lita nne, lakini lioshwe, nilishawahi kuwarudisha watoto nyumbani na mikono ya bluu. Anza wimbo kwa sauti ya mtoto, si ya kwako. Mimi ilinibidi nichague mtoto wa kuanzisha, mimi nifuate. Vifungo vya sweta vifungwe kwa wimbo, la sivyo utavifunga wewe, na masweta arobaini ni vifungo vingi mno. Mtoto anayesema "kirazi" badala ya "kiazi" usimkatishe, mwimbie wimbo wenye viazi vingi, ulimi utafika wenyewe. Na usimdharau aliyekaa kimya. Huenda anakukagua.

Neema alipoletwa kunirithi, kabla sijastaafu, alikuja na spika ndogo na nyimbo za kwenye simu. Sikumkataza. Watoto waliipenda, waliizunguka, waliiangalia. Waliiangalia tu. Nikamwambia, "Madam, hiyo inaimba vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana wamekaa." Siku moja akajaribu kwa koo lake, akapotea kwenye mstari wa tatu. Watoto wakafurahi mno, wakasimama wote kumrekebisha. Amekuwa mwalimu mzuri. Spika ikabaki ya kuwekea chaki juu yake.

Siku yangu ya mwisho nilijiandaa. Nilivaa suti. Wazazi walikuja, afisa elimu alikuja, kreti za soda zilikuja. Kabla ya hotuba nikaingia darasani kuwaaga watoto peke yangu, nikasema kwa utaratibu kwamba mwalimu amestaafu.

"Kustaafu ni kufanya nini?" akauliza mmoja.

"Ni kukaa nyumbani. Kesho sitakuja shule."

"Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Umefeli?"

Niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikachelewa kujibu. Kwa watoto ukichelewa kujibu ni ndiyo. Kulikuwa na minong'ono kule nyuma, mtu akapiga kopo mara mbili, na sijui nani alianza, lakini nilipotoka kwenda uwanjani walikuwa nyuma yangu kwa mstari, wote, wanapiga makofi:

Mwalimu kafeli,
kavaa na suti,
karudi nyumbani,
kalala: pu!

Walipita nao mbele ya afisa elimu, mbele ya wazazi, mbele ya soda. Neema akakimbia kuwanyamazisha, uso umemshuka. Nikamzuia. Mistari ilikuwa minne, mapigo yametimia, na hakuna aliyewafundisha. Nikaingia na besi yangu, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, tukazunguka uwanja mara mbili, na safari hii hakuna hata mmoja aliyelia isipokuwa mimi.

Wimbo ule ukatoka nje ya geti. Juzi nilikuwa sokoni Makambako nanunua vitunguu, watoto wawili wakapita wanauimba, wananionyesha kwa kidole. Mama muuzaji akanihurumia. Akaniongezea kitunguu kimoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Pole baba. Ulifeli nini?"

Nikamjibu kwamba nilifeli darasa la awali. Nilikaa humo mpaka wakanitoa kwa sababu ya umri.